Kitufe Nilichomwekea Shangazi

Kidole changu kidogo cha mkono wa kulia, kikitulia kwenye kibodi, kinaangukia kitufe cha nuktamkato. Nimesoma mpaka chuo kikuu, nimefundisha zaidi ya miaka ishirini, nimeandika makala ambazo watu wachache wamezisoma kwa kunihurumia, na katika hayo yote nuktamkato nimeihitaji mara chache sana, na hizo chache nilikuwa najionyesha. Kitufe kile kilikuwa kama mtumishi aliyepewa meza na kiti halafu akasahauliwa. Kwa hiyo nilipohitaji kitufe cha kuniwekea alama juu ya herufi za Kihaya, sikutafuta mbali. Nilikiajiri hicho.

Kazi yake ni rahisi kuieleza, ingawa kuifikia kulinichukua karibu mwaka. Nikibonyeza nuktamkato kisha a, kwenye kioo inatokea á. Nikiibonyeza mara mbili kisha a, inatokea â. Alama ya kwanza naiita kijiti: hapo sauti inapanda. Ya pili naiita kofia: hapo sauti inapanda na kushuka papo hapo. Irabu zote tano, kila moja ina kijiti chake na kofia yake, na n na m nazo nikazipa vijiti, maana katika lugha yetu hata hizo huweza kuinua kichwa.

Yote hayo niliyafanya kwa ajili ya shangazi yangu, dada wa marehemu baba, anayeishi Kamachumu katika kibanja kile kile cha migomba alimozaliwa. Aliolewa, akafiwa, akarudi kwao, na sasa ndiye mkubwa wetu wote tuliobaki. Ndiye pia mtu pekee aliye hai aliyemsikia babu akijigamba. Msomaji wa mbali asimfikirie mlevi. Kwetu mwanamume alikuwa na majigambo yake kama alivyokuwa na jina lake: utungo aliojitungia mwenyewe, akasimama nao mbele ya watu na mkuki au fimbo mkononi, akataja alikotoka, mito aliyoivuka, ng'ombe aliowarudisha, watu waliomdharau na walivyojuta. Siku hizi unayasikia harusini, na mara nyingi ni ya kuazima.

Majigambo ya babu yalikuwa marefu. Baba alikumbuka mistari kama sita, na mmojawapo alikuwa anaukosea. Shangazi aliyajua yote, kwa sababu wavulana walikuwa wakikimbizana nje na yeye, binti, ndiye aliyekuwa akikaa karibu na kiti cha mzee kumshikia kibuyu cha lubisi, pombe yetu ya ndizi. Mwanamke hasimami kujigamba. Lakini hakuna aliyewahi kumkataza kusikia.

Miaka miwili iliyopita alinipigia simu mwenyewe, jambo ambalo halifanyi, akaniambia nije Jumamosi. Nilimkuta jikoni, kwenye kile kijumba cha nyuma ya nyumba, anamenya ndizi. Alinionyesha kigoda nikakaa.

"Tata," akasema, "mimi nimezeeka."

Ananiita tata, yaani baba, kama mashangazi wa kwetu wanavyowaita watoto wa kaka zao. Mtu wa miaka hamsini na kidogo akiitwa baba na mwanamke wa umri wa mama yake, akili yake hulainika.

"Hujazeeka, shangazi."

"Usinidanganye ndani ya jiko langu. Nataka kukupa maneno ya baba yangu. Wewe ndiye uliyesoma. Uyaandike yote, siku wakikutana ukoo usimame uyaseme. Ila nakupa wewe peke yako. Usimwambie mtu, hata mkeo."

"Naweza kurekodi kwenye simu?"

"Simu ina masikio ya watu wote. Andika."

Nikaandika. Nilirudi Kashai, mtaa wa Bukoba ninakoishi, nikiwa na kurasa nne za daftari na kifua kimejaa. Nilikuwa mrithi. Kati ya wajukuu wote wa yule mzee, na tuko wengi, shangazi alikuwa amenichagua mimi.

Jumamosi iliyofuata nilimsomea kile nilichoandika. Shangazi anasikiliza huku anamenya, macho yako kwenye ndizi. Mahali nikikosea, anainua mkono wenye kisu, hasemi kitu, nami narudi mwanzo wa mstari. Siku ile mkono ule ulipanda na kushuka kama wa askari wa barabarani. Mwishowe akaweka kisu chini.

"Unasoma kama padre mgeni," akasema.

Maneno yenyewe yalikuwa sahihi, herufi kwa herufi. Kilichokuwa kimekufa ni sauti. Kihaya hakikai sawa kama meza. Kinapanda na kushuka, na asiyejua kinapopanda anakisoma kama tangazo la mnada. Mimi nilipelekwa shule ya bweni nikiwa na miaka kumi na miwili. Kiswahili kikanilea, baadaye Kiingereza kikaja kudai kwamba nacho kilikuwepo kwenye malezi, kisha Dar es Salaam ikanikalia miaka mingi. Niliporudi Bukoba kufundisha, Kihaya changu kilikuwa cha kusalimia, cha kununulia senene, na cha kuwaelewa wanaonisengenya. Majigambo yalitaka zaidi ya hapo.

Vitabu vyetu vya nyimbo na sala havina alama za sauti, kwa sababu waliovitengeneza walijua kwamba msomaji anajua. Mimi sikuwa msomaji huyo. Nilihitaji kila silabi inionyeshe pa kwenda, kama mgeni anayeandikiwa njia kwenye karatasi: ukifika kwenye mvule pinda.

Mwanzoni nilikuwa na ukurasa mmoja wenye herufi zote zenye vijiti na kofia. Nilipohitaji moja, nilienda kule, nikainakili, nikarudi, nikaibandika. Mstari mmoja ulikuwa na safari kumi. Kisha nikajifunza namba: kila herufi ina namba yake ndani ya kompyuta, unashikilia kitufe fulani huku unaandika namba hiyo. Niliandika namba zile kwenye kipande cha boksi nikakisimamisha kando ya kioo. Mke wangu alipita asubuhi moja akakisoma, akaniuliza kama nimeanza kucheza bahati nasibu. Nilimwambia ni kazi za chuo. Nilikuwa nimeapishwa.

Ndipo nikaingia kwenye programu ya kuandikia, ile nyepesi isiyo na mapambo, ambayo watu wa kompyuta huitumia kwa kazi zao na huniruhusu mimi kwa kutojua kwamba nimo. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuifundisha. Ina faili la mipangilio. Unaandika humo kwamba nikibonyeza hiki na hiki, wewe weka kile, nayo inatii. Haikusahihishi kama ile nyingine ya ofisini, iliyokuwa inaona neno la Kihaya na kulipigia mstari mwekundu chini, ukurasa mzima ukionekana kama mtihani wa mwanafunzi wangu dhaifu.

Nilikosea mengi. Kwanza nilimpa kazi ile mkato wa kawaida, kisha nikagundua kwamba siwezi tena kuandika orodha ya ndizi na kahawa bila vijiti kuota katikati. Nikahamia kwenye nuktamkato. Halafu programu ikawa na haraka: ukibonyeza nuktamkato inangoja nusu sekunde tu kuona kama kuna herufi inayofuata, na mimi huandika kwa vidole viwili. Kila nilipofika kwenye herufi, muda ulikuwa umekwisha, na nuktamkato imekaa pale tupu. Nilitafuta mstari unaopanga muda wa kusubiri nikaufanya sekunde tatu, kwa heshima ya umri. Nilipopeleka kazi kuchapisha kwenye stationery ya mtaani, kompyuta yao ikageuza kila alama kuwa kisanduku kidogo cheupe. Majigambo ya babu yakawa yamejaa madirisha. Hilo nalo nilijifunza kulikwepa: unaligeuza faili zima kuwa kama picha kabla hujatoka nalo nyumbani.

Nasimulia haya kwa urefu kwa sababu niliyapenda. Kuna mchana mmoja wa mvua, paa linalia mpaka huwezi kusikia redio, nilipoandika mstari mzima wa babu bila kusimama hata mara moja. Nuktamkato, herufi, nuktamkato, herufi. Alama zilikuwa zinaanguka mahali pake zenyewe. Nilisoma mstari ule kwa sauti, na kwa mara ya kwanza ukatoka mdomoni mwangu kama unavyotoka mdomoni mwa shangazi. Niliusoma mara tatu. Kama ningekuwa na mkuki ningeuinua.

Baada ya hapo Jumamosi za Kamachumu zikawa tamu. Naenda na kompyuta mpakato ndani ya mfuko wa plastiki, nakaa kwenye kigoda, moshi unaniingia machoni, shangazi anasema mistari mitatu minne, naiandika na alama zake, namsomea. Mkono wenye kisu ulianza kupumzika. Siku moja nilisoma ukurasa mzima haukuinuka kabisa. Alipomaliza ndizi aliniangalia.

"Kile kisanduku chako kinajua Kihaya kuliko wewe," akasema.

Niliichukua kama sifa.

Jambo moja lilinishangaza, lakini nililipita. Alikuwa ananipa kidogo kidogo mno. Nikiomba mistari zaidi anasema amechoka, au kichwa kinamuuma, au hiyo inayofuata inataka siku yake. Mara anaruka: leo babu anavuka mto, Jumamosi ijayo tayari ni mzee, na katikati hapajulikani kimetokea nini. Nilipouliza alisema, "Yatakuja. Wewe njoo tu." Nilikuja. Nilikuja na sukari, nilikuja na sabuni, nilikuja na habari za mjini, ambazo alizisikiliza kuliko nilivyotarajia. Tulikuwa tunakula pamoja, ananiuliza nani kafa, nani kaoa, kisha jua likielekea kuchwa narudi Bukoba na mistari yangu mitatu.

Mwaka ulipokaribia mwisho, wazee wa ukoo wakapanga mkutano wa baada ya Krismasi, wakati wale wa Mwanza na Dar wanakuja nyumbani. Kutakuwa na misa, kaburi la babu litawekewa saruji mpya, halafu chakula. Nilimpigia mwenyekiti wa kamati nikamwambia, kwa sauti ya mtu asiyependa makuu, kwamba kwenye ratiba aache nafasi ya majigambo ya mzee. Akauliza nani atayatoa. Nikasema mimi. Akasema, "Nimeshaandika jina hapo." Nikajua shangazi kanitangulia kunitaja, nikafurahi.

Hata msomaji asiyefuatilia atakuwa ameshaona kitu ambacho mimi sikukiona.

Wiki chache kabla ya mkutano, chuo kikafungwa siku ya Jumatano kwa sababu ya sikukuu fulani, nikaamua kumpelekea shangazi kurasa nilizochapisha, azione hata kama hasomi. Nilipofika niliona pikipiki imeegemezwa chini ya mgomba, na nilipoukaribia mlango wa jiko nilisikia sauti yake. Ilikuwa sauti ile ya majigambo, ya chini, isiyo na haraka. Nilisimama. Babu alikuwa anapanda mibuni. Mimi sijawahi kupewa babu anayepanda mibuni.

Niliinama nikaingia. Juu ya kigoda changu alikuwa amekaa ndugu yangu, mtoto wa baba mdogo, ambaye ananunua kahawa na ndizi Kagoma. Kwenye goti lake kulikuwa na kaunta buku iliyochakaa, na mkononi penseli fupi. Shangazi alikuwa anamenya. Aliinua macho akaniangalia, si kwa aibu, ila kama mtu anayeona kuku wa jirani ameingia.

"Tata," akasema, "leo si Jumamosi."

"Najua, shangazi."

"Sasa?"

Nikainua kurasa nilizokuja nazo. Ndugu yangu alisogea kidogo, akanionyesha gunia la maganda.

"Karibu, Dakta. Vuta hilo ukae." Ananiita Dakta tangu nilipoanza kusomea shahada hiyo, na hakuacha nilipoiacha.

"Wewe unakuja hapa tangu lini?"

"Kila Jumatano. Tangu mwaka juzi." Akamtazama shangazi, kisha mimi, na nikaona uso wake unabadilika taratibu kama wangu ulivyokuwa unabadilika. "Na wewe Jumamosi?"

"Na mimi Jumamosi."

"Aliniambia mimi peke yangu," akasema.

"Usimwambie hata mkeo."

"Hata mkeo," akakubali.

Tukamgeukia. Alikuwa amechukua ndizi nyingine.

"Shangazi, waitu," nikasema, nikiongeza neno letu la heshima, lakini nilitumia sauti ya darasani, kosa kubwa, "ulisema maneno haya unanipa mimi peke yangu."

"Siku nilipokupa, jikoni kulikuwa na nani mwingine?"

"Hakuna."

"Basi."

"Shangazi."

"Na huyu nilipompa alikuwa peke yake. Mlitaka niwape mkiwa kwenye foleni?" Akatupa ganda. "Ningekupa yote mwezi ule wa kwanza, leo ungekuwa wapi? Ungekuwa Kashai na kisanduku chako. Na huyu angekuwa kwenye kahawa yake. Kabla ya maneno haya mlikuwa mnakuja lini? Niambieni. Pasaka."

Ndugu yangu alicheka kwa pua. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu Jumamosi, si sukari wala sabuni, ni Jumamosi zenyewe. Nilikuwa nakumbuka kila mstari niliopewa kama siri, na kila mara niliporudi mjini nikiwa nimebeba kitu ambacho, nilidhani, hakipo kwingine duniani. Nilikuwa nimemficha mke wangu kwa miaka miwili. Nilikuwa nimemwajiri nuktamkato. Na hapa palikuwa na mtu mwenye penseli.

Nje, karibu na pikipiki, tulilinganisha. Sote wawili tulikuwa na mwanzo, mistari kama kumi inayofanana. Baada ya hapo tuliachana. Mimi nilikuwa na mito, ng'ombe, na safari ya ziwani. Yeye alikuwa na mibuni, njaa, ugomvi na mtu wa mlima wa pili, na harusi. Kwa jumla tulikuwa na mtu mmoja aliyekatwa katikati. Na kwenye ratiba ya kamati, jina lililoandikwa lilikuwa lake.

"Tufanyeje?" akauliza.

"Utanisomea yako niyaandike. Tuyaunge."

"Njoo Kagoma Jumapili baada ya misa."

Nilienda. Tulikaa ndani ya stoo yake, kati ya magunia ya kahawa, kompyuta ikiwa juu ya mzani. Alifungua kaunta buku. Niliona maandishi ya penseli, makubwa, yasiyo na alama hata moja, mengine yamefutwa kwa mate. Nikajiandaa kumwonea huruma. Kisha akasoma.

Alisoma kama babu. Simaanishi kwamba nilimsikia babu. Namaanisha kwamba alisoma kama shangazi, na shangazi ndiye babu tuliyebakiwa naye. Kila silabi ilipanda inapopaswa kupanda. Hakufikiri. Alikuwa anaangalia nje kama gari la mzigo limefika, anasoma, na sauti inakwenda yenyewe. Mimi nilikuwa nyuma yake na nuktamkato zangu, nikimkimbiza, nikiomba arudie.

Akaja kusimama nyuma yangu, akatazama kioo.

"Unaweka nini hivyo?"

"Alama."

"Za nini?"

"Zinaonyesha sauti ipande wapi na ishuke wapi."

Alitazama kidogo. Hakuwa ananikejeli, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Kwani wewe hujui?" akauliza.

Nilimwambia ni kwa ajili ya watoto wetu, waliozaliwa mjini. Ni kweli pia. Lakini wakati ule nilikuwa sijawafikiria watoto kabisa.

Tulikubaliana tugawane: mimi nianze mpaka ziwani, yeye amalizie. Siku ya mkutano kulikuwa na turubai, viti vya kuazima kutoka kigangoni, nyasi zimetandazwa chini kama inavyostahili, na watu wengi kuliko nilivyojua tunao. Shangazi alikaa mstari wa mbele kwenye kiti chenye mikono, amevaa gauni la misa. Nilisimama na fimbo mkono mmoja na karatasi mkono mwingine. Simu zilikuwa zimeinuliwa kila upande.

Kurasa mbili zilikwenda vizuri. Watu walikuwa wananiitikia. Niliona mjomba mmoja anatikisa kichwa kwa kuridhika, nikaanza kufurahia sauti yangu, na hapo hapo, kwenye mstari wa mto, mkono wa shangazi ukapanda. Hakuwa na kisu. Uliinuka tu, kiganja wazi, kama jikoni.

Nilisimama. Ningeweza kuendelea; mtu mzima mwenye heshima zake angeendelea. Lakini Jumamosi zile zote zilikuwa zimenifundisha jambo moja. Nilirudi mwanzo wa mstari. Mkono ukapanda tena. Mtu akacheka, kisha wengine, kicheko cha kindugu ambacho hakina huruma. Mara ya tatu ukabaki chini, nikapita, nikamaliza na jasho linanichuruzika mgongoni.

Ndugu yangu alichukua fimbo. Hakuwa na karatasi. Alitembea, alisimama, aliwaangalia watu machoni, na wanawake walipiga vigelegele mara mbili. Alipomaliza, alichomeka fimbo chini na watu wakashangilia, simu zikarudi mifukoni, na wapishi wakaanza kufunua masufuria. Tulidhani yamekwisha. Sote wawili tulidhani yamekwisha.

Shangazi hakusimama. Alianza akiwa amekaa, mikono kwenye mapaja, kwa ile sauti yake ya chini, na ilichukua muda watu kugundua kwamba kuna mtu anaongea. Waliokuwa nyuma walikuwa tayari wanapanga foleni ya chakula. Ilikuwa mistari kama ishirini. Babu yuko mzee, meno yamekwisha, wanawe wamemwacha kwenda kutafuta kazi, na anajigamba kwa kitu kimoja alichobaki nacho: binti anayekaa karibu na kiti chake, anayeshika kibuyu, ambaye hakuna neno lililompita. Anamtaja kwa jina la kwao. Anasema adui akitaka kumjua yeye amuulize huyo.

Sijui kama babu alisema hivyo. Hakuna aliye hai wa kukanusha.

Ndugu yangu na mimi tulitazamana. Shangazi alinipa mimi mto, akampa yeye mibuni, na mwisho akajiwekea mwenyewe, na sisi tulikuwa tumefanya kazi ya kuwakalisha watu kimya. Nilikuwa mita tatu kutoka kwake, na mikono yangu ilikuwa na karatasi za kitu kingine. Hakuna aliyekuwa amewasha simu. Kwenye kundi la ukoo, mpaka leo, kuna video kutoka pembe sita tofauti za mimi nikirudia mstari wa mto. Ya shangazi hakuna hata moja.

Nilipofika Kashai nilifungua faili nikautafuta ule mstari. Nilitaka niwe na wa kumlaumu. Kijiti kilikuwa mahali pake, kofia mahali pake. Nuktamkato ilikuwa imefanya kazi yake yote. Ni mdomo wangu uliokataa.

Kisha nilijaribu kuandika ile mistari ishirini kutoka kichwani. Nilipata mitano, na alama nilizoiwekea nilizikisia. Nikaifuta.

Jumamosi ya kwanza ya Januari sikwenda. Ya pili pia sikwenda. Nilisahihisha mitihani kwa hasira, na wanafunzi wangu wataona matokeo. Mke wangu, ambaye sasa anajua yote na bado hajanisamehe kufichwa, akaniuliza nitakaa nimenuna mpaka lini na bibi wa umri ule. Nikamwambia sijanuna. Ya tatu nilitia kompyuta kwenye mfuko wa plastiki nikaenda Kamachumu.

Alikuwa jikoni, anamenya. Hakuonyesha kwamba ameona pengo la wiki mbili. Nilikaa kwenye kigoda, nikakishika kwanza kuona kama kina joto la mtu mwingine.

"Ile ya mwisho, shangazi," nikasema. "Ya binti."

"Ipi hiyo?"

"Uliyoisema kwenye mkutano."

"Mkutano ulikuwa na watu wengi." Akachagua ndizi. "Umekula?"

"Nitakula. Shangazi, hiyo umempa nani?"

"Sijampa mtu."

"Kweli?"

Aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu niingie, na sikuweza kusoma chochote usoni kwake.

"Ni wewe tu, tata," akasema.

Niliwasha kompyuta. Nilijua anaweza kuwa ananidanganya, na nilijua siku gani ndugu yangu atakuwa amekaa pale pale. Neno la kwanza la sehemu ile nalikumbuka, linaanza na sauti ya juu, kwa hiyo nilibonyeza nuktamkato ili niwe tayari, nikamngoja aanze. Alimaliza ndizi aliyoishika. Akachukua nyingine. Sekunde tatu zikapita, programu ikachoka kusubiri, na nuktamkato ikajikalia mwanzoni mwa mstari, peke yake, haina herufi.

Siku hiyo alinipa mstari mmoja. Jioni niliporudi nyumbani nilifungua faili la mipangilio, nikaongeza muda wa kusubiri kuwa sekunde kumi.